Inua Ulimi Nione

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mtu akikohoa juu ya sufuria, chakula hicho sikili, hata kiwe cha msibani na watu wote wananitazama. Mama mkwe wangu, bibi Faustina, ninayeishi naye, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameoa pua, hajaoa mke. Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa anasema hayo huku akifuta kikombe changu kwa pindo la kanga lilelile aliloondolea kamasi za mtoto wa jirani.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Katika wanawake wote wa Kalenga, mimi mwenye pua ndiye niliyepewa mtoto wa saratani ya damu.

Binti yangu Eveline alikuwa darasa la kwanza homa zilipoanza. Zikafuata alama za bluu miguuni, kama za mtoto aliyechapwa, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba Juliana anamuua mwanawe kwa fimbo. Mara fizi zikatoka damu. Tulizunguka zahanati na hospitali mpaka tukaangukia Mbeya, kwenye wodi ya watoto, ambako walimtoboa mfupa wa nyonga kwa sindano ninayoiona mpaka leo nikifumba macho, wakavuta uboho wa ndani. Dokta Kalinga ndiye aliyenieleza. Alisema damu inatengenezwa ndani ya mifupa, na kwa Eveline chembe changa za damu nyeupe zimegoma kukua. Zinazaana tu kama magugu, mpaka zile nzuri zinakosa pa kukaa.

Nilimsikiliza, lakini macho yangu yalikuwa kwenye meno yake. Dokta Kalinga alikula karanga kutwa nzima, wodini, ofisini, hata akisoma majibu ya mgonjwa, na maganda yake mekundu yalikuwa yamemganda kwenye fizi. Nilijiambia, huyu ndiye atakayemponya mwanangu, vumilia, Juliana.

Miezi ya dawa kali sitaisimulia yote. Matapishi, vidonda vya mdomo, nywele kwenye mto, shuka zenye harufu ya mkojo uliojaa dawa. Nilisafisha vyote kwa mikono yangu hii, nikaenda kutapika nyuma ya wodi, nikanawa uso, nikarudi. Lakini kinyaa hichohicho kilimfaa mtoto. Dawa zile zinaondoa kinga yote ya mwili, na watoto wengine walishikwa na kuhara na homa za ajabu. Wangu hapana. Maji nilichemsha mwenyewe, matunda nilimenya mwenyewe, na mgeni asiyenawa mikono aliishia mlangoni, awe mchungaji au shangazi. Hanifa, nesi wa Dokta Kalinga, alikuwa ananionyesha kwa kidole kwa akina mama wengine.

"Mnamwona mama Eveline? Muwe na roho mbaya kama yeye, watoto wenu watapona."

Na kweli, alipotobolewa tena mfupa, magugu hayakuonekana. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya njano, vya kila jioni na vingine vya Ijumaa tu, vya kumeza kwa miaka, ili mabaki yaliyojificha yasiamke. Eveline alikuwa kwenye utafiti wa Dokta Kalinga, wa watoto wa mikoa yetu ya nyanda za juu, na vidonge hivyo vilitoka huko. Katika maduka ya dawa ya Iringa uliza utakavyouliza, utaonyeshwa za malaria. Sharti lilikuwa moja: dawa imezwe kama ilivyoandikwa, na kila mwezi mtoto aletwe Mbeya apimwe damu. Familia isiyofuata ingetolewa, nafasi apewe mtoto mwingine.

Nilifuata. Kila jioni, baada ya kula, nilimwekea Eveline kidonge mkononi. Akishameza nilikuwa namwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi nione." Akiinua, nachungulia kushoto na kulia kama polisi wa barabarani. Hakuwahi kunidanganya hata mara moja.

Wakati huo nilikuwa na ujauzito wangu wa pili. Kliniki ya pale kijijini walinipa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, vile vinavyopewa kila mama mjamzito. Loo! Vinanuka msumari wenye kutu. Nilimeza wiki ya kwanza, nikatapika wiki nzima, na yaliyonikuta chooni siyataki hata kuyakumbuka. Nikaacha. Kila nilipoenda kliniki nilipewa vingine, nikiulizwa kama nameza nasema nameza, nikifika nyumbani natia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga juu ya kabati. Kuvitupa niliogopa, maana ni dawa ya serikali. Vikakaa humo.

Basi safari moja ya Mbeya tukapita Nyololo, na mume wangu Zabron alikuwa anatungoja barabarani kama kawaida yake, kwa sababu kazi yake ni ya mbao huko ndani Mufindi na nyumbani anakuja kwa nadra. Akapitisha mkono dirishani kumshika Eveline shavu. Mtoto akamwambia baba yake, "Tumbo linauma kidogo." Mimi nikasema ni basi tu, akifika kwa shangazi yake Yusta pale Ilomba atalala, litapoa.

Kesho yake Dokta Kalinga hakutuangalia usoni tulipoingia. Aliangalia majibu ya damu, akatia karanga mdomoni.

"Mama Eveline, mtoto anakunywa dawa?"

"Anakunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari. Namfungua mdomo naangalia."

"Chembe nyeupe ziko juu. Kidonge hiki kikifanya kazi yake, lazima zishuke. Nimeongeza dozi, hazisikii. Nimeongeza tena, hazisikii." Alitafuna kwanza. "Sasa niambie ukweli. Mmempeleka kwenye maombi wakawaambia aache? Au mnampa mkikumbuka?"

Damu ilinichemka. Mimi, niliyekuwa nachemsha hadi maji ya kumsukutulia mdomo, naulizwa kama nampa dawa mwanangu na mtu anayenirushia vipande vya karanga akiongea. Kimoja kilitua kwenye mkono wa Eveline. Nikakifuta kwa kitambaa changu mbele yake, taratibu, ili aone.

"Daktari, mimi ni Mkatoliki, na siku zote namwombea akiwa amemeza."

"Sawa. Kama hampi, nitamtoa kwenye utafiti, kuna watoto wanangoja. Kama mnampa na bado ziko juu, basi huenda ugonjwa unarudi, na ukirudi safari hii utakuwa mkali zaidi. Sijui kati ya hayo mawili unataka lipi."

Alisema hayo mtoto akiwa amekaa pale pale. Nilimchukia kabisa. Eveline alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni kwa kidole cha mguu, anajifanya hajasikia.

Tukalazwa. Walimtoa damu nyingine ili waone kama dawa imo mwilini, na wakapanga kumtoboa tena mfupa. Majibu ya damu yalipotoka, Hanifa alinifuata kitandani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa imo, imejaa tele, kwa hiyo mimi si mwongo. Nilitaka kufurahi. Halafu nikakumbuka maneno ya daktari: kama anameza na bado ziko juu, ugonjwa unarudi. Nikaketi chini, sakafuni, mimi nisiyekaa hata kwenye benchi la kanisa bila kulifuta. Ningekubali kuitwa mwongo mara elfu.

Siku hiyo tumbo la Eveline likauma tena, na Hanifa akaleta kikopo cha kuchukulia choo kwenda maabara. Nyumbani tuna choo cha shimo, kina giza, mtoto anaingia anatoka, hakuna anayetazama chini. Pale wodini alikalia poti nyeupe ya plastiki. Alipomaliza nikavaa glavu mbili mbili, nikaziba pua kwa kanga, nikainama na kijiti cha kuchotea.

Kilikuwa cheusi. Cheusi kama lami ya barabara.

Hanifa alipokiona uso wake ulibadilika, akatoka mbio. Dokta Kalinga akaja, kwa mara ya kwanza bila karanga. Akasema choo cheusi maana yake huenda mtoto anavuja damu ndani ya tumbo, wapime haraka, watafute damu ya kumwongezea. Watu wakaanza kukimbia huku na huku na mirija.

Mimi nilibaki nimeinama. Nilikuwa nimeondoa kanga puani bila kujua. Rangi ile nilikuwa naijua. Harufu ile ya msumari wenye kutu nilikuwa naijua vilevile. Ndicho kitu nilichokiona kwenye karatasi nilipojifuta chooni wiki ile moja nilipomeza vidonge vyekundu, na ndicho kilichonifanya niape sitavigusa tena.

Nikamgeukia Eveline. "Nani alikupa vidonge vyekundu?"

Akaniangalia, akaangalia mlango.

"Eveline. Sikupigi. Nani?"

"Bibi. Viwili viwili, asubuhi ukienda kisimani." Akaanza kulia. "Alisema tusikuambie, utasikia aibu. Alisema vinakutapisha, mama, na wewe unatapika sana kwa ajili yangu. Kwa hiyo nikusaidie kuvimaliza."

Sijui niliwaza nini kwanza. Nadhani niliwaza kunyamaza. Kama ningesema, daktari angetuona sisi ni watu wa aina gani? Bibi anampa mtoto vidonge vya wajawazito, mama anaficha dawa kwenye kopo na kuwadanganya manesi wa kliniki. Familia isiyofuata masharti hutolewa. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi tumbo langu lilikuwa limeshatangulia mbele yangu kama ushahidi. Nikaenda mlangoni, nikamwita Dokta Kalinga, nikamwambia yote: kopo, kabati, bibi, uongo wangu. Nilisema nikiwa nimeshika kikopo cha mavi mkononi.

Akasimama. Halafu, Mungu nisamehe, akafurahi! Yule mtu alipiga makofi. "Foliki!" akasema. "Hanifa, umesikia? Foliki! Nilikuwa naelekea kubadilisha dawa bure!" Alikuwa anang'aa kama mtu aliyeokota kitu njiani, na mwanangu amelala pale tumbo likimsokota. Nilihisi kichefuchefu kikubwa kuliko cha choo.

Hanifa akamgusa kiwiko. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba sisi ni watu. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia, "Samahani, mama," kisha akanieleza vizuri, na hilo nampa haki yake.

"Kidonge chekundu kina madini ya chuma, ndiyo hayo yanayofanya choo kiwe cheusi. Lakini ndani yake kuna na vitamini inaitwa foliki. Chembe yoyote ya mwili inayotaka kuzaana lazima iile. Mtoto aliye tumboni mwako anaihitaji. Saratani nayo inaihitaji, tena kwa pupa. Sasa kidonge cha njano cha kila Ijumaa kazi yake ni kuzinyima zile chembe foliki. Wewe umefunga mlango zife njaa, bibi anapitisha chakula dirishani."

"Kwa hiyo bibi yake amemuua?"

"Sijasema hivyo. Siwezi hata kuapa kwamba ni vidonge peke yake." Akajikuna kidevu. "Zamani huko ng'ambo kuna madaktari waliwapa watoto wenye ugonjwa huu vitamini hiyohiyo, wakidhani wanawajenga. Ugonjwa ukakimbia zaidi. Ndipo wakajiuliza, tukifanya kinyume chake itakuwaje? Dawa ya njano imezaliwa na kosa hilo. Bibi yenu amekosea mahali ambapo mabingwa walikosea."

Maabara wakasema choo hakina damu. Dokta Kalinga akaahirisha ile sindano ya mfupa. Tungeenda nyumbani, vidonge vyekundu mtoto aviache, vya njano viendelee, turudi mwezi ujao. Chembe zikishuka, hatamtoboa na nafasi yake ipo. Zisiposhuka, atatoboa, na hapo tutajua kama ugonjwa umerudi. Tulipokuwa tunaondoka Hanifa akanishika, akanivuta kope ya chini ya jicho, akaguna.

"Na wewe mbona mweupe hivi? Hivyo vidonge ni vyako, dada. Kavimeze. Unataka kuzaa au unataka kufa?"

Njia nzima kutoka Mbeya nilipanga maneno. Zabron alitusimamia tena Nyololo, nikamwambia dirishani, "Mama yako nitamweleza mimi." Akauliza nini, basi likaondoka. Nilipofika Kalenga maneno yalikuwa yamechongoka.

Bibi Faustina alikuwa uani anapukuchua mahindi. "Kamwene," akatusalimia, akanyoosha mikono kumpokea Eveline. Nikamvuta mtoto nyuma yangu.

"Mama, usimguse. Nimejua kuhusu vidonge."

Hakushtuka. Aliendelea kupukuchua. "Umejua. Haya. Sasa umsalimie basi mama yako."

"Umempa mtoto mgonjwa dawa za wajawazito kwa siri! Mama, una akili kweli?"

Hapo akaacha. "Ninayo. Mimi mimba zangu zote niliambiwa sina damu, na sikupewa hata punje ya dawa. Wawili nimewazika pale kwenye migomba, unapaona ukifua. Wewe unapewa bure, unaenda kuficha kwenye kopo kama mchawi. Nikapanda kiti kutafuta chumvi, nikakuta zimejaa mpaka juu. Mtoto ndani ya nyumba kawa mweupe kama unga, watu wanasema ugonjwa wa damu, na kopo la dawa ya damu liko kabatini linaoza. Mama Eveline, ungekuwa mimi ungefanyaje?" Akaokota punje ya mahindi iliyodondoka. "Wewe ulikuwa unatupa damu. Mimi nikaiokota."

Nikamweleza kwa kifupi: foliki, mlango, dirisha, sindano inayotusubiri Mbeya. Nilivyoendelea kueleza akawa anapungua pale kwenye kigoda. Mwishoni akaitazama mikono yake, akauliza, "Nimemlisha mjukuu wangu sumu?"

Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikitamani kumsikia akisema hivyo. Aliposema, nilijichukia zaidi kuliko nilivyowahi kuyachukia matapishi yoyote.

"Siyo sumu, mama," nikasema. "Ilikuwa yangu."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kopo lilishushwa, likawekwa mezani mbele ya wote. Jioni Eveline anameza cha njano, mimi nameza chekundu, bibi anatukagua wote wawili kwa zamu huku ameshika jagi la maji. Nilitapika, nikajifunza kumeza na ndizi. Chooni nilifumba macho. Usiku nilimgusa Eveline shingo na makwapa nikitafuta tezi, kila upande, mpaka akalalamika kwamba ninamtekenya.

Tuliporudi Mbeya, Dokta Kalinga alisoma majibu, akayasoma tena, akatia karanga mdomoni.

"Zimeshuka. Zimesikia." Akanipa mkono wenye chumvi na mafuta. Nikaupokea. Hakumtoboa. Mlangoni nilimsikia akimuuliza mama aliyefuata, kabla hata hajakaa vizuri, "Nyumbani kuna vidonge gani vingine, na ni vya nani?"

Kalenga tulifika jua linazama. Bibi alimkumbatia Eveline mpaka mtoto akaomba hewa. Tukala ugali na majani ya maboga, tukacheka, na mimi nikajiona nastahili pumziko. Mwezi mzima nimemeza misumari, chembe zimeshuka, leo moja tu inaniua? Ulipofika wakati wa dawa nikatia chekundu mdomoni, nikanywa maji, nikakisukuma kwa ulimi mpaka chini, kushoto, nikitoka kwenda kuosha vyombo nikiteme kwenye migomba.

Eveline alikuwa ameshameza chake. Alikuja akasimama mbele ya kiti changu. Nywele zilikuwa zimeanza kumrudia, fupi, laini kama za kifaranga.

"Mama. Fungua mdomo."

Nikacheka, nikafungua kidogo.

"Inua ulimi nione."

Nikainua nusu. Akanishika kidevu, akachungulia kulia, akachungulia kushoto kama nilivyomfundisha. Bibi Faustina alikuwa pale jikoni anajaza jagi. Chumvi ya kutu ilikuwa imeanza kuyeyuka na kunijaa mdomo mzima.

"Kiko hapo," Eveline akasema. Hakukasirika. Akasogea karibu zaidi, akaninong'oneza ili bibi asisikie. "Kama kimekushinda nitemee mkononi, mama. Nitakusaidia."

Akakinga kiganja chake.

Nikakimeza kikavu.